Mrejesho: mdogo wangu aliyekuwa hatoki chumbani, Tanga

Wakuu asanteni sana. Niliuliza kuhusu mdogo wangu, halali usingizi wala hali chakula, hata timu ya Coastal ikicheza uwanja wa Mkwakwani haendi, nyumbani wanasema uvivu wengine jini. Tulienda hospitali, kumbe ni sonona (depression), kapewa dawa ya fluoxetine na tukaambiwa inaweza kuchukua wiki 2 hadi 4 au zaidi ndo ifanye kazi na asiiache mwenyewe akipata nafuu. Sasa hivi analala, anakula, na jioni tunatembea Raskazone japo mwanzo tulikuwa tunaishia kona ya mtaa tu tunarudi. Kwenye watu wengi bado hawezi, kujiunga na kikundi cha vijana kumegoma kabisa. Dada uliyesema nimuulize waziwazi kama anawaza kujidhuru, Mungu akubariki, alikuwa anawaza kweli, alilia sana akaniambia yote. Kliniki anaendelea.