Ushauri tafadhali: faili za MTS zimekataa kuingia kwenye programu ya kuhariri

NyotaYaDunga, Jumatatu saa 2:40 usiku

Wadau hamjambo. Niko Kisumu. Nina video za harusi ya rafiki yangu iliyofanyika Luanda, upande wa Vihiga. Zilipigwa kwa kamera ya Handycam na faili zote zinaishia na .MTS. Nikiziingiza kwenye programu yangu ya kuhariri, nyingine zinakataa kabisa, nyingine zinaleta picha bila sauti. Kwenye VLC, ile programu ya kutazamia video, zinacheza sawasawa. Nimejaribu kubadilisha jina liwe .mp4, wapi! Ni programu gani nzuri ya kugeuza MTS iwe MP4 bila picha kuharibika? Majibu ya haraka tafadhali, Jumamosi inanikaribia.

FundiWaKondele, saa 2:58 usiku

Kubadilisha jina hakubadilishi kitu, ndugu. MTS ni faili ya AVCHD, mfumo ambao Sony na Panasonic waliutangaza mwaka 2006. Ndani yake mna picha ya H.264 na sauti ya AC-3, yaani njia za kubana picha na sauti. Picha ya H.264 ndiyo hiyohiyo iliyomo kwenye MP4 nyingi, kwa hiyo kinachoisumbua programu yako huenda ni lile ganda la nje pamoja na sauti ya AC-3. Picha yenyewe usiiguse. Ni kumimina maziwa kutoka kibuyuni hadi chupani, maziwa ni yaleyale. Pakua FFmpeg, programu ya kugeuza video kwa amri za kuandika, ni ya bure, kisha uandike kwenye dirisha la amri:

ffmpeg -i 00003.MTS -c:v copy -c:a aac -b:a 192k 00003.mp4

Sauti ndiyo pekee inayogeuzwa. Hata kompyuta ya zamani itamaliza upesi.

Ila kabla ya yote: kadi ya kamera bado unayo? Nauliza folda nzima ya AVCHD kama ilivyokuwa kwenye kadi.

Mama_Kibuye, saa 3:05 usiku

Yangu ya harusi ilipigwa 1996 kwa kanda ya VHS. Mpiga video akatuambia tungoje wiki mbili. Tukangoja. Kila nikimkuta stendi ananiambia "mama, inapikwa." Mtoto wangu wa kwanza sasa ana watoto na hiyo kanda bado inapikwa. Kijana, maliza kazi ya watu.

MwalimuBungoma, saa 3:20 usiku

Nionavyo, shida haimo kwenye faili, imo kwenye programu. Kama ni ile Movie Maker ya zamani, Microsoft waliiacha Januari 2017. Weka programu ya kuhariri ya Shotcut au Kdenlive kwenye kipakatalishi chako. Zote mbili ni za bure, na kwa kuwa zinatumia maktaba za FFmpeg kwa ndani, zinazifungua MTS moja kwa moja bila kugeuza chochote. Mashine ikilemewa, washa proksi: programu inajitengenezea nakala ndogo za kukatia, halafu wakati wa kutoa kazi inarudi kwenye faili kubwa.

Huku kwetu tohara ni Agosti ya kila mwaka wa shufwa, na ikifika hiyo Agosti mimi silali. Unapiga usiku kucha, vijana wanakimbia, kuna vumbi, tochi zinakumulika machoni, halafu stima inapotea ukiwa katikati ya kunakili. Nimejifunza kutembea na betri tatu na kutomwamini mtu anayesema "hapa stima haipotei."

MpishiWaOmena, saa 3:31 usiku

Mwalimu ameulizwa MTS, akajibu tohara. Tuendelee.

NyotaYaDunga, saa 4:02 usiku

Asanteni sana. Fundi, hilo dirisha jeusi la kuandika amri linaniogopesha. Kuna programu nilishaanza nayo, ina kitufe kimoja tu, inageuza faili zote kwa mpigo. Shida ni mbili ndogo: kwenye MP4 zilizotoka watu wanaonekana wembamba, na kuna chapa ya programu katikati ya picha. Sasa nachotaka ni jinsi ya kutanua picha na kuficha hiyo chapa. Nilikuwa nafikiria fremu ya maua na majina ya maharusi.

MpishiWaOmena, saa 4:06 usiku

Bi harusi ametoka mwembamba na bado unalalamika? Ongeza bei!

FundiWaKondele, saa 4:15 usiku

Maua katikati ya uso wa mchungaji kwa muda wa saa nne?

Wembamba nitakuelezea. Kamera nyingi za nyumbani, ukiziweka kwenye ubora wa kati, hurekodi 1440 kwa 1080, si 1920 kwa 1080. Kila nukta inahesabiwa kuwa pana kuliko kimo chake, kwa uwiano wa 4 kwa 3, na programu ya kuchezea video inajua kuitanua. Ndiyo maana VLC inaonyesha vizuri. Hiyo programu ya kitufe kimoja imezichukua nukta kama mraba, watu wakabanwa. Kutanua kunawezekana. Chapa haiwezekani, imeshachomwa ndani ya picha. Na ukigeuza kitu kilichokwisha kugeuzwa unapoteza ubora mara ya pili.

Achana na hizo MP4, rudi kwenye MTS. Kwa hiyo narudia swali langu la kwanza: faili za asili ziko wapi?

NyotaYaDunga, saa 4:29 usiku

Zipo, baadhi. Lakini tumalize kwanza hili la chapa. Nimeona video mtandaoni mtu akiifuta kwa ukungu.

WakiliWaBaraza, saa 4:40 usiku

Umesema rafiki, kisha unazungumzia Jumamosi kama mtu mwenye miadi. Umepokea pesa? Kama umepokea, haya si mambo ya kugeuza faili tena, ni mkataba. Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na huko mtu anaweza kujitetea mwenyewe bila wakili. Video yenye tangazo la watu wengine katikati siyo alichonunua mteja. Vijana mnapenda kupokea nusu kwa M-Pesa kabla hamjajua kazi.

Section58, Jumanne saa 1:10 asubuhi

Nimeamka Nakuru nikasoma uzi wote huku nanywa chai. Samahani, mimi sinunui. Ukitafuta habari za MTS popote mtandaoni unakutana na hadithi hii hii: mtu ana harusi, ana haraka, programu imekataa, anasema kuna nyingine ya kitufe kimoja. Halafu anatokea jamaa aliyejiunga leo na kiungo cha kununua. Hizi nyuzi huandikwa na wauzaji wa programu za kugeuza.

Tena tazameni. Usiku saa 2:40 anauliza programu ya kugeuzia. Saa 4:02 kumbe alishageuza. Faili zilikuwa "zote," sasa ni "baadhi." Mtu wa kweli akiulizwa kadi iko wapi anajibu kadi iko wapi.

Mama_Kibuye, saa 1:34 asubuhi

Kweli hata mimi nilishangaa, harusi haina siku wala kanisa.

Mteja_Halisi, saa 1:52 asubuhi

Habari zenu. Mimi pia nilikuwa na tatizo la MTS kwa muda mrefu lakini sasa nina furaha. Nilitumia programu hii rahisi na yenye nguvu, inageuza fomati zote kwa kasi bila kupoteza ubora. Toleo kamili lina punguzo wiki hii. [kiungo kimeondolewa na msimamizi]

Section58, saa 1:55 asubuhi

Nilisema nini?

MpishiWaOmena, saa 1:57 asubuhi

"Sasa nina furaha." Ni nani aliyewahi kufurahishwa na MTS? Hata waliozibuni hawajafurahi.

WakiliWaBaraza, saa 2:20 asubuhi

Naomba jibu langu la jana lisomwe kwa masharti kwamba mtu huyu yupo.

NyotaYaDunga, saa 6:45 mchana

Nilikuwa kazini, narudi nakuta nimekuwa muuzaji. Huyo Mteja simjui. Na hiyo programu siitaji jina, si mnaona vile mambo yamekuwa?

Haya, nimeweka MediaInfo, programu ya kusoma maelezo ya ndani ya faili, kama Mwalimu alivyoniambia faraghani. Hii ni ya faili moja kati ya zilizobaki: AVC (ndiyo hiyo H.264), 1440 kwa 1080, mwonekano 16:9, fremu 25 kwa sekunde, picha ya mistari inayopishana, sauti AC-3 chaneli 2. Muuzaji angehangaika hivi?

Na kuhusu kadi. Kamera niliazima kwa jamaa wa Nyalenda pamoja na kadi yake. Nilinakili MTS kwenye kompyuta, diski ikajaa, nikageuza, nikaona MP4 zinacheza, nikafuta MTS nyingi ili nipate nafasi. Kadi nikaifomati kabla ya kuirudisha, maana kitu cha watu hurudishwa kikiwa safi. Kila mtu angefanya hivyo. Sikujua chapa iko kote, mwanzoni nilifungua sekunde chache tu. Na ndiyo, ni mteja, amelipa nusu. Niliandika rafiki kwa sababu pia ni rafiki.

Mimi bado naona maua yanaweza kufanya kazi.

Section58, saa 6:58 mchana

Sawa, hiyo 1440 inalingana na wale watu wembamba, muuzaji asingejua kuipanga. Naondoa nusu ya maneno yangu.

FundiWaKondele, saa 7:10 mchana

Ulipaswa kuanza na hayo ya kadi. Sasa mpigie huyo jamaa SAA HII umwambie aitoe kadi kwenye kamera, asirekodi hata sekunde moja. Ikifomatiwa kwa njia ya haraka, mara nyingi kinachofutwa ni orodha tu, video zenyewe zinabaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake.

Ukiipata, iweke kwenye kompyuta kwa kisoma kadi. Windows ikikuuliza kama ifomati, kataa. Pakua PhotoRec, programu ya kuokoa faili zilizofutwa, ni ya bure. Elekeza itafute kwenye kadi, iokolee kwenye diski ya NJE, kamwe isiwe kwenye kadi hiyohiyo. Majina ya zamani yatapotea, utapata faili zinazoanza na herufi f na tarakimu ndefu, uzipange kwa kuzitazama.

Utakuta pia vipande vilivyokatwa katikati ya neno. Kadi zenye FAT32, mfumo wa kupanga faili, hazibebi faili inayozidi GB 4, kwa hiyo kamera hujikatia yenyewe, nyingine zinakata kila GB 2. Usiviunganishe ndani ya programu ya kuhariri, sauti itaruka kidogo pale vinapoungana. Viunganishe kabla, kwenye lile dirisha jeusi unaloliogopa:

copy /b kipande1.MTS+kipande2.MTS jumla.MTS

Kisha ile amri yangu ya jana. Ukiona mistari ya mlalo kwenye mikono inayopunga, hiyo ndiyo mistari inayopishana, utaondoa kwenye Shotcut wakati wa kutoa kazi.

NyotaYaDunga, saa 7:26 mchana

Na zile nilizofuta kwenye kompyuta?

FundiWaKondele, saa 7:30 mchana

Diski ni SSD au ile ya kuzunguka? Kama ni SSD sahau, Windows huiambia isafishe nafasi mara tu unapofuta. Kadi kwanza.

NyotaYaDunga, Jumatano saa 3:50 usiku

Nimepata kadi. Jamaa alikuwa amerekodi mchango wa kanisa juu yake, lakini mfupi. PhotoRec imefanya kazi usiku na mchana. Kanisani zote zimerudi, mapokezi karibu yote. Kukata keki ndiyo imeliwa na mchango, pale namwona mzee anahesabu noti mpaka mwisho. Kwenye zile MTS zilizobaki kwenye kompyuta pia keki haimo. Keki ninayo kwenye MP4 yenye chapa tu.

Kwa hiyo hapo kwenye keki nitatumia maua. Dakika chache tu, mniache.

Mama_Kibuye, saa 4:01 usiku

Maua ya nini? Keki ikikatwa kila mgeni anainua simu. Muulize msimamizi wa bi harusi, yeye huwa kwenye kikundi cha WhatsApp cha kamati.

MwalimuBungoma, saa 4:09 usiku

Mama yuko sahihi. Ila waambie watume kama faili, si kama video ya kawaida ya WhatsApp, la sivyo itakufikia imekamuliwa ubora. Pia simu nyingi hurekodi kwa idadi ya fremu inayopanda na kushuka kulingana na mwanga. Ukiiweka moja kwa moja karibu na ya kamera, midomo na sauti zitaachana kadiri video inavyoendelea. Ipitishe kwanza kwenye HandBrake, programu nyingine ya kugeuza video, uchague fremu 25 zisizobadilika.

WakiliWaBaraza, saa 4:15 usiku

Na umwambie mteja ukweli kuhusu keki kabla hajaiona.

NyotaYaDunga, saa 4:33 usiku

Nimeshaandikia kamati. Dada mmoja wa Mbale anasema ana yote, tena alikuwa amesimama kwenye kiti. Mteja nitamwambia Ijumaa nikiwa na kitu cha kumwonyesha.

WakiliWaBaraza, saa 4:35 usiku

Kesho.

MpishiWaOmena, saa 4:41 usiku

Wakati tuko hapa, mimi nina faili za .MOD kutoka kamera ya JVC, za mazishi ya babu. Nazo zinafanywa vipi? Watu wanaonekana wanene.

FundiWaKondele, saa 4:44 usiku

Hiyo ni MPEG-2, ambayo unaweza kubadilisha jina iwe .mpg na ikakubali. Unene ni hadithi ndefu. Fungua uzi wako, na uanze kwa kusema kadi iko wapi.