Kwa kantri yenye jazi ndani yake: gitaa la mbao nzima au lenye tumbo?

Solo_Ipagala: Habari za jioni, ndugu wapiga gitaa. Nimepiga kantri kwa miaka kadhaa, na sasa ninajifunza mbinu za jazi, yaani kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) za sita na za tisa, pamoja na noti za kupitia za nusu hatua, kama walivyopiga wanamuziki wa swingi wa Texas, yaani kantri iliyochanganywa na jazi, waliokuwa na kiongozi wa bendi Bob Wills tangu miaka ya 1930. Nimewekewa magitaa mawili hadi Jumamosi: moja la mbao nzima aina ya Telecaster, na jingine lenye tumbo, yaani lililo wazi ndani, linalofanana na Gibson ES-175. Nichukue lipi?

Dada_Ridhimu: Kaka, umeacha mambo ya msingi. Bei ni kiasi gani, unapiga kanisani au ukumbini, na nyuzi zako zina unene gani? Tena utaje jazi ipi, maana kwetu ukisema jazi wengi hukumbuka Morogoro Jazz na solo la Mbaraka Mwinshehe.

Mzee_wa_Kikuyu: Chukua la mbao nzima. Jimmy Bryant, mpiga gitaa wa kantri wa Marekani, alipiga mistari ya kasi iliyojaa jazi kwa Telecaster miaka ya 1950. Kantri inakutaka uvute uzi hadi ulie kama gitaa la kutelezesha chuma, na nyuzi nene za jazi hazivutiki. Jazi yenyewe imo katika kuijua noti unayoiendea: ukitoka kodi ya C7 kwenda ya F, ile noti ya B flati iliyo ndani ya C7 ishuke nusu hatua na kutua kwenye A wakati uleule ridhimu inapobadili kodi, na msikilizaji ataisikia kodi hata besi ikinyamaza.

Nyuzi_Sita: Shikamoo mzee. Naomba kutofautiana nawe, kwa sababu Gibson Byrdland la mwaka 1955 lilipata jina kutoka kwa Billy Byrd na Hank Garland, wapigaji wa kantri wa Nashville, nalo lina tumbo, ingawa ni jembamba.

Mwalimu_Makole: Mimi nilinunua lenye tumbo Dar es Salaam mwezi Juni, nikalileta hapa Dodoma wakati wa upepo na ukavu. Baada ya wiki chache mbao ya shingo ilinywea, ncha za freti, vile vyuma vya kukatiza shingo, zikachomoza pembeni, na kila nilipotelezesha mkono zilinikwaruza kidole cha shahada. Kisha katika harusi moja, nilipoongeza sauti ili nianze solo, uzi wa tano ulianza kunguruma wenyewe, na nilipoigeukia spika ili niuzime, mngurumo ukazidi. Nilisokota kipande cha kanga nikakijaza kwenye matundu ya tumbo la gitaa. Mngurumo ukapungua, lakini ule mlio mnene niliounulia gitaa ukapotea pia. Aliyeniuzia hakunieleza lolote kuhusu ukavu.

Nyuzi_Sita: Mwalimu, ungeweka sponji yenye unyevu ndani ya sanduku la gitaa.

Mzee_wa_Kikuyu: Sponji ikichuruzika inafumua gundi. Nimeyaona hayo kwa fundi.

Dada_Ridhimu: Inakamuliwa kwanza, mzee, kisha inawekwa kwenye kisanduku cha sabuni kilichotobolewa. La kwangu liko hivyo na halijapasuka.

Solo_Ipagala: Nawashukuru. Ninapiga harusini, nyuzi zangu ni namba kumi, yaani nyembamba, na spika huwekwa nyuma yangu. Bei muuzaji ataitaja nikifika.

Mwalimu_Makole: Nyuma yako kwa hatua ngapi?