Naomba ushauri: sarafu za Mjerumani alizoacha bibi

Wakuu, kwenye kasha la marehemu bibi tumekuta kopo la sarafu za Mjerumani: heller zenye tundu (ndiko lilikotoka neno "hela" tunalolitaja kila siku), rupia ya fedha ya 1890 yenye Kaiser (mfalme wa Ujerumani) Wilhelm kavaa kofia ya chuma, na sarafu za thamani ya heller 20 zilizotengenezwa Tabora, 1916, zenye herufi T.

Moja niliisugua kwa ndimu na majivu ikang'aa kama pete. Sonara akanicheka, eti nimeiua bei. Nyingine sijazigusa.

Rupia halisi ilikuwa gramu 11.66, yangu mzani umesoma 10.9. Ni kuchakaa au feki? Na kwenye heller, taji likifutika ila mwaka unasomeka, hilo ni daraja gani la ubora? Na kwa unyevu huu wa Tanga nizihifadhi wapi? Kwenye mifuko ya plastiki zimeanza kutu ya kijani.