MREJESHO: Matairi ya Honda S2000 kwa barabara za Mbeya

Wakuu, niliuliza matairi gani yanaifaa S2000 yangu, gari la kama kilo 1,250 na nguvu farasi 250, zote zinasukuma nyuma, kwa mvua na ukungu wa Uyole kwenda Tukuyu.

Yale ya nusu mashindano mliyoyasifia nimeyaacha. Mpira wake unataka joto ndipo ushike, na gari jepesi halipashi tairi haraka, hasa kwa baridi hii ya asubuhi. Kashata nazo, yaani mifereji ya usoni mwa tairi, ni chache, maji hayatoki vizuri. Nimefunga ya kispoti ya barabarani, yenye daraja AA la kusimama kwenye lami iliyolowa: saizi mbele 205/55R16, nyuma 225/50R16, manne yote aina moja. Muuzaji mmoja aling'ang'ania nibadilishe ya nyuma tu. Nikamwachia duka lake.

Tarehe ya kutengenezwa isomeni ubavuni mwa tairi: 2224 ni wiki ya 22 ya mwaka 2024. Mtumba sikutaka hata kuusikia, kashata nzima lakini mpira umeshakauka.

Upepo psi 32, unapimwa tairi likiwa la baridi. Kwenye kona za kushuka Tukuyu mkia sasa umetulia, ila matuta nayasikia hadi kiunoni.