Mrejesho: binti yangu na usukani

Ndugu zangu, nilipoomba ushauri kuhusu binti yangu wa miaka 18, ambaye ana leseni ya kujifunzia lakini alikuwa akiliganda mno gari la mbele, wengi mlinishauri nimfundishe kuhesabu sekunde badala ya kumkemea. Nawashukuru kwa dhati, maana ushauri huo umefaa sana. Sasa gari la mbele likipita nguzo ya umeme yeye huanza kuhesabu kwa sauti, na akiifikia nguzo hiyo kabla ya sekunde tatu huachia mafuta mwenyewe. Nilimweleza pia kwamba kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio ukomo katika maeneo ya makazi hapa Tanzania, gari husafiri takriban mita 14 kila sekunde, hata kabla mguu haujagusa breki. Kinachonitia hofu bado ni kukata kona ya kushoto, kwa kuwa bodaboda hupenya upande huo ghafla, hivyo namzoesha kutazama kioo cha kushoto kisha kugeuza shingo. Barabara ya Morogoro usiku, pamoja na malori yake, nimeikataa kwa sasa, na mama yake ameniunga mkono.