Mkopo wa nyumba Glasgow: Scotland ikijitenga, deni langu litakuwaje?

Habari zenu wakuu. Naishi Glasgow, nataka kuchukua mkopo wa nyumba wa miaka 25. Kinachonikwamisha ni suala la uhuru wa Scotland kutoka Uingereza. Kwenye kura ya maoni ya mwaka 2014 asilimia 55 walikataa, na 2022 Mahakama ya Juu ikaamua Bunge la Scotland haliwezi kuitisha kura nyingine bila ridhaa ya London. Lakini mjadala haujafa, na serikali ya Scotland ilishapendekeza kuanza na pauni ya sasa, kisha kuwa na sarafu yake. Hapo ndipo ninapopata hofu. Mshahara ukiwa wa sarafu mpya, ikashuka thamani, je?

Niliuliza benki, wakaniambia hayo ni ya siasa.

Wenye ujuzi: nchi ikibadili sarafu, madeni ya zamani nayo hubadilishwa? Na riba isiyobadilika itanikinga kwa lolote?