Mrejesho: kadi ya michoro inayokula umeme, nimeamua hivi

Wakuu, niliuliza kama kwenye kompyuta yangu ya gemu nitoe kadi ya michoro ya RTX 3060 niweke RTX 5090 yenye nguvu zaidi, huku pawasaplai (kifaa kinachoipa kompyuta umeme) ikiwa ya wati 650. Asanteni sana, mmeniokoa.

Mlinibana kwa swali moja: skrini yako ni ipi? Ni ya 1440p (nukta 1440 kwenda chini), hezi 144, yaani huonyesha picha zisizozidi 144 kwa sekunde. Hapo ndipo hesabu ilipobadilika. 3060 hula wati 170, 5090 hufika 575, na NVIDIA wenyewe, wenye kadi hizi, wanashauri pawasaplai ya wati 1000. Ningenunua kadi, pawasaplai na pengine kasha jipya, kisha skrini ishindwe kuonyesha kasi yote hiyo. Tena joto! Wati zote hizo huishia kuwa joto chumbani, na chumba changu ni kidogo.

Nimechukua RTX 5070. Inakula wati 250, na 650 ndiyo pawasaplai inayopendekezwa, kwa hiyo sikubadilisha kitu kingine. Waya wa umeme nimeutia kwa adapta iliyokuja nayo, nikausukuma mpaka mwisho kama mlivyonisisitiza, maana plagi ya pini 16 isipokaa sawasawa inaweza kuungua.

Halafu yule aliyesema nishushe kikomo cha umeme wa kadi hadi asilimia 80, Mungu akubariki. Fremu (picha kwa sekunde) zilizopungua ni chache mno, gemu bado ni laini, na feni sasa nazisikia kwa mbali tu.

3060 nimempa mdogo wangu. Hajalala tangu juzi.